Mzee Akichanganyikiwa Baada ya Opresheni

Vikundi vyetu vingi kutoka Kitale mpaka Bungoma vina mfuko wa matibabu. Mwanachama akiugua tunachanga, tunatafuta gari, tunamfikisha hospitali. Akitoka theta akiwa mzima tunapiga makofi, tunarudi shambani tukifikiri kazi imekwisha. Somo la leo ni juu ya siku tatu au nne zinazofuata. Kwa mtu wa miaka 65 na zaidi, siku hizo huleta jambo ambalo wengi wetu tumeliona kwa macho lakini hatukulijua jina.

Tuchukue mfano. Mama mzee anatoka kukama asubuhi wakati wa mvua, anateleza kwenye matope, nyonga inavunjika. Anafanyiwa opresheni na inaenda vizuri. Siku ya kwanza anaongea, anauliza kama ng'ombe walipelekwa dipu. Usiku wa pili anaanza kung'oa dripu, anamwita dada yake aliyekufa zamani, anasema wadi imejaa maji. Asubuhi ametulia, anakunywa uji kama hakuna kilichotokea. Jioni yanaanza tena. Hapo watu wa nyumbani wanaanza kunong'ona. Mmoja anasema nusu kaputi ilizidi. Mwingine anasema kuna mkono wa mtu. Wa tatu anasema ni uzee tu, muacheni apumzike. Na kuna yule ambaye kila ukoo unaye, anayetaka mgonjwa atolewe usiku huo huo apelekwe nyumbani.

Jambo lenyewe ni ugonjwa, na madaktari wanaliita deliriamu. Kwa Kiswahili chetu tuseme kuchanganyikiwa kwa ghafla. Ubongo wa mzee umeelemewa: kuna jeraha, kuna dawa, kuna maumivu, kukosa usingizi na pahali pageni, vyote kwa wakati mmoja. Ubongo unashindwa kushika mambo kwa muda. Ni kama jenereta ndogo iliyofungiwa taa nyingi kuliko nguvu yake. Haijaharibika, lakini taa zinafifia na kuwaka, zinafifia na kuwaka. Nyonga iliyovunjika inaongoza kwa kuleta shida hii. Katika hospitali za nchi nyingi imeonekana kwamba kama mzee mmoja kati ya wanne waliopasuliwa nyonga huipata, na pengine zaidi.

Msidhani ni kitu cha kupita tu. Mzee aliyechanganyikiwa hivi hukaa hospitali siku nyingi zaidi, na bili nyinyi mnaijua. Huanguka kitandani, hutoa mshono, hukataa chakula. Wengine hawarudi kuwa vile walivyokuwa, na hatari ya kufa katika miezi inayofuata ni kubwa kuliko ya mzee mwenzake ambaye hakuchanganyikiwa. Mara nyingi pia ni dalili ya kwanza kwamba kuna kitu kingine kimeharibika mwilini, kama nimonia au jeraha lililoanza kuoza, kabla hata joto la mwili halijapanda.

Watu wengi huchanganya deliriamu na ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Ule wa kusahau huja polepole, miezi na miaka. Leo anapoteza funguo, mwaka ujao anapotea njia ya kwenda sokoni. Deliriamu huja kwa masaa au siku mbili tatu. Ile ya kwanza huwa vile vile asubuhi na jioni. Hii ya pili hupanda na kushuka: saa nne asubuhi yuko sawa, saa mbili usiku hajui yuko wapi. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Aliyekuwa akisahau tangu nyumbani ndiye yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuchanganyikiwa baada ya kupasuliwa, kwa hivyo kusema "huyu alikuwa akisahau hata zamani" si sababu ya kunyamaza.

Sasa sikieni hili vizuri, maana ndilo hupita bila kuonekana. Deliriamu ina sura mbili. Sura ya kwanza ni ya kelele: anapiga mayowe, anataka kushuka kitandani, anamtukana sista. Hiyo kila mtu anaiona na daktari ataitwa. Sura ya pili ni ya kimya. Mzee analala sana, anajibu pole pole au hajibu, anatazama ukuta, chakula kinapoa pembeni. Hasumbui mtu. Wageni wakija wanasema, "Leo amepumzika vizuri," wanaomba, wanaondoka. Kumbe huyu ndiye mgonjwa zaidi. Kati ya wazee, sura hii ya kimya ni ya kawaida sana, na kwa sababu inachelewa kugunduliwa mara nyingi mwisho wake ni mbaya zaidi. Wengine hubadilisha sura, mchana kimya, usiku kelele.

Je, tutaipimaje? Kipimo cha kwanza ni nyinyi wenyewe. Sista ana wagonjwa wengi, na amemjua mzee wenu kwa siku mbili. Nyinyi mmemjua miaka arobaini. Madaktari walikuja kuona kwamba swali moja tu kwa mtu wa nyumbani linasaidia sana: je, unaona amechanganyikiwa zaidi siku hizi kuliko kawaida yake? Kama jibu ni ndiyo, mwambieni sista au klinikal ofisa siku hiyo hiyo. Msingoje ziara ya daktari ya wiki ijayo.

Kuna pia vipimo vya wataalamu. Mwaka 1990 daktari Sharon Inouye na wenzake huko Marekani walitoa kipimo kinachoitwa CAM, chenye kuangalia mambo manne: mabadiliko ya ghafla yanayopanda na kushuka, kushindwa kushika jambo moja akilini, mazungumzo yasiyofuatana, na uamkaji usio wa kawaida. Mawili ya kwanza lazima yawepo, kisha moja kati ya hayo mawili mengine. Baadaye, mwaka 2011, wataalamu wa Edinburgh walitoa kifupi zaidi kiitwacho 4AT, ambacho huchukua kama dakika mbili na hakihitaji mashine. Tutakieleza hiki, si ili mjifanye madaktari, ila muelewe sista anafanya nini akimuuliza baba maswali yanayoonekana ya kitoto. Wazee wengine hukasirika. "Ananiuliza huu ni mwaka gani, anadhani mimi ni mjinga?" Mwambieni mapema kwamba kila mtu anaulizwa.

Kwanza anatazama kama mgonjwa yuko macho sawasawa. Akiwa na usingizi mzito usio wa kawaida, au ana wasiwasi na vurugu, hapo hapo ni alama 4. Pili anauliza mambo manne: umri wako, tarehe ya kuzaliwa, hapa ni wapi, na huu ni mwaka gani. Kosa moja ni alama 1, makosa mawili au zaidi ni 2. Tatu anamwambia ataje miezi kurudi nyuma kuanzia Desemba. Akifikisha saba bila kukosea ni sifuri. Akianza akashindwa kufika saba, au akikataa, ni 1. Kama hawezi hata kujaribu kwa ajili ya ugonjwa au usingizi, ni 2. Nne, je, mabadiliko yamekuja ghafla au yanapanda na kushuka? Kama ndiyo, alama 4 nyingine. Jumla ikifika 4 au kupita, inawezekana ni deliriamu na daktari lazima atafute sababu. Jumla ya 1 hadi 3 huenda ni shida ya kusahau. Mkiangalia vizuri mtaona kwamba swali la nne peke yake linaweza kufikisha 4, na swali hilo haliwezi kujibiwa na mgonjwa. Linajibiwa na mtu aliyemjua kabla. Mzee akipelekwa hospitali na kuachwa peke yake, kipimo kimekosa mguu.

Hapa kwetu kipimo hiki kina mitego yake. Wazee wetu wengi hawana tarehe ya kuzaliwa. Ile iliyo kwenye kitambulisho iliandikwa kwa kukisia, wengi wakapewa Januari mosi. Mzee wa Kibukusu asiyejua tarehe anaweza kukuambia bila kusita kama alitahiriwa Nyange, Maina au Chuma, na nani alisimama naye siku hiyo. Basi mweleze sista jinsi mzee anavyohesabu umri wake, asije akampa alama za kosa kwa jambo ambalo hakulijua hata akiwa mzima. Lakini mtego mwingine uko hapo hapo. Kukumbuka tohara ya miaka sitini iliyopita si ushahidi kwamba akili iko sawa leo. Mambo ya zamani hukaa. Kinachopotea katika deliriamu ni kushika la sasa hivi.

Tena miezi. Kwa Kiingereza mtu anataja majina. Sisi wengi tunasema mwezi wa kumi na mbili, wa kumi na moja, wa kumi, na hiyo imekuwa hesabu ya kurudi nyuma, jambo rahisi kidogo kwa mwenye kuuza maziwa kila siku na gumu kwa mwingine. Njia nyingine ni siku za wiki kurudi nyuma: Jumapili, Jumamosi, Ijumaa. Kwa asiyesoma au asiyeweza kuongea vizuri, wataalamu hutumia mkono: mgonjwa anamfinya mpimaji kila akisikia herufi moja iliyochaguliwa. Mtu wa nyumbani anaweza kuiga kwa neno. "Mama, finya mkono wangu kila nikisema maji." Kisha unasema pole pole: kuku, maji, jembe, maji, maji, moto. Mwenye akili iliyotulia hufuata mpaka mwisho. Aliyechanganyikiwa hufinya mara moja kisha anasahau kazi, au anafinya kila neno. Hicho si kipimo rasmi, hakina alama, lakini kinakupa neno la kumwambia sista. Na la muhimu, ulizeni kwa lugha ya mgonjwa. Mama aliyezoea Kibukusu, Kisabaoti au Kiturkana, akiulizwa kwa Kiswahili cha haraka asubuhi na mapema, ataonekana amechanganyikiwa hata kama sivyo. Mmoja wenu atafsiri, bila kumnong'oneza majibu. (Tunajua mtanong'oneza. Jitahidini.)

Ukienda kwa sista usiseme tu "mzee anaongea ovyo." Sema: "Jana mchana alinitambua na alijua yuko hospitali. Tangu saa kumi na mbili jioni ananiita jina la kaka yake, hashiki maneno, na hajakojoa tangu asubuhi." Maneno hayo yatamfanya asimame.

Kwa nini tumetaja mkojo? Kwa sababu dawa ya deliriamu ni kutafuta kilichoileta, na mara nyingi ni vitu vidogo vilivyojumlishwa. Kibofu kilichojaa, au choo kilichofunga siku nne. Kukosa maji mwilini. Maumivu ambayo mzee hasemi kwa sababu alifundishwa kuvumilia. Sukari iliyoshuka, hewa kidogo kwenye damu, malaria, jeraha lenye usaha, maambukizi kwenye njia ya mkojo hasa kama mpira umekaa muda mrefu. Na dawa. Piriton tunayonunua dukani kama peremende kwa ajili ya mafua, na ambayo wengine humpa mzee "alale kidogo," ni moja ya dawa zinazochanganya akili ya mzee. Vidonge vya usingizi vya jamii ya Valium vivyo hivyo. Msimpe mgonjwa wa wadi dawa yoyote mliyoibeba kwenye mkoba bila kuuliza. Lakini dawa zote anazotumia nyumbani zipelekeni kwenye mfuko mmoja, hata za kienyeji, daktari azione.

Kuna moja inayofichwa kwa aibu. Kama mzee hunywa busaa au chang'aa kila siku, mwambieni daktari kabla ya opresheni. Pombe ikikatwa ghafla mwili hutetemeka na kutoka jasho, na siku ya pili au ya tatu mtu anaweza kuona vitu visivyokuwepo, hata kupata kifafa na kufa. Kuna dawa ya kuzuia hayo, lakini daktari hawezi kuitoa kama ameambiwa mzee hajawahi kugusa pombe tangu aokoke. Mwambieni faraghani kama lazima, lakini mwambieni.

Habari njema ni kwamba nyingi ya shida hii huzuilika, na kazi ya kuizuia ni ile vikundi vyetu vinaweza. Mwaka 1999 hospitali ya Yale, huko New Haven, Marekani, ilitoa matokeo ya wagonjwa 852 wa miaka 70 na zaidi. Hao hawakuwa wa upasuaji, walikuwa wa wadi za kawaida. Waliohudumiwa kama siku zote, 15 katika kila 100 walichanganyikiwa. Waliopewa mpango maalum, karibu 10 katika 100. Na mpango wenyewe ulikuwa nini? Kumkumbusha mgonjwa siku na pahali, kumwamsha atembee, kumpa miwani yake, kuhakikisha anasikia, kumnywesha maji, na kumsaidia alale usiku bila vidonge. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na watu wa kujitolea waliofunzwa. Huko Boston, mwaka 2001, wagonjwa 126 wa nyonga walifuatiliwa. Wale ambao daktari wa wazee aliwatembelea kila siku, 32 katika 100 walichanganyikiwa. Wale wengine, 50.

Sisi hatuna daktari wa wazee katika kila wadi ya Bungoma au Kitale, wala hatutampata mwaka huu. Lakini watu wa kukaa na mgonjwa tunao. Kikundi cha watu ishirini kinaweza kupanga zamu ya siku tano bila mtu kuacha palizi lake zaidi ya mara moja. Anayekwenda zamu asiende na kundi la watu kumi wanaoimba. Akae mmoja, awili wakizidi. Ajitambulishe kila anapofika: "Ni mimi, mke wa jirani yako, leo ni Jumanne, uko hospitali, ulipasuliwa nyonga Jumapili." Miwani ivaliwe, meno ya bandia yawekwe. Mnaacha vitu hivyo nyumbani mkiogopa vitaibiwa, halafu mzee haoni na hawezi kutafuna. Maji, uji na chai apewe kidogo kidogo, ikiwa daktari ameruhusu kunywa. Akiruhusiwa kuketi aketi, akiruhusiwa kusimama asimame, na mkimuinua muwe wawili. Mchana dirisha liwe wazi, usiku kuwe kimya. Zungumzeni na msimamizi wa wadi mapema juu ya mtu mmoja kulala na mgonjwa, kwa maana masaa ya kuona wagonjwa ni mafupi na deliriamu hupenda usiku. Wengine hukubali wakiona mpango ulioandikwa.

Akianza kusema mambo yasiyokuwepo, msibishane naye wala msimcheke. Dada yake aliyekufa akimuona, usimwambie ghafla "huyo alikufa." Mshike mkono, mwambie yuko salama, mrudishe kwenye la sasa. Kumfunga mikono kwa kitambaa ili asing'oe dripu huongeza hofu na vurugu, na wengine wamejiumiza wakijifungua. Mtu wa kukaa kando yake ni bora kuliko kamba. Mkiona amefungwa, ulizeni kwa upole sababu, na mjitolee kukaa.

Tumefika kwenye jambo linalovunja nyumba nyingi, hasa huku Trans Nzoia ambako ekari tano zina wana saba. Mzee aliyechanganyikiwa anaweza kusema, "Fulani ndiye ameniroga," au "Shamba la mtoni nimempa mdogo." Akifa baada ya wiki mbili maneno hayo hubebwa kama wosia, na kama laana. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inakubali wosia wa mdomo, lakini katika kifungu cha 9 inataka uwe umesemwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi wanaofaa, na mwenye kuusema awe amekufa ndani ya miezi mitatu. Kifungu cha 5 kinataka awe na akili timamu, na kinataja waziwazi hali ya kutojua analolifanya kwa ajili ya ugonjwa. Mtu huhesabiwa kuwa na akili timamu mpaka anayepinga athibitishe kinyume. Kwa hivyo ile ripoti ya sista iliyoandikwa siku hiyo, kwamba mgonjwa hakujua mwaka wala pahali, inaweza kuwa na uzito mahakamani miaka mingi baadaye. Yeyote anayekuja wadini na karatasi na wino wa dole gumba usiku wa pili baada ya opresheni, mzuieni mlangoni. Na yule kijana aliyetajwa kuwa mchawi, msimfukuze kwa maneno ya ubongo ulioelemewa. Mzee mwenyewe akipona huenda hakumbuki hata neno moja, au anakumbuka vipande vipande na anaona haya kuuliza.

Wengi hutulia ndani ya siku chache sababu ikipatikana. Wengine huchukua wiki, hata miezi, kwa hivyo wakirudi nyumbani zamu isivunjwe mara moja. Katika wiki mbili za kwanza mzee asiachiwe moto wa kupikia, pesa za soko, wala kugawa dawa zake mwenyewe. Akichanganyikiwa upya, akipata joto, jeraha likitoa maji au akikataa kunywa, arudishwe hospitali au kituo cha afya kilicho karibu siku hiyo hiyo. Baada ya mwezi, kama bado anasahau kuliko alivyokuwa, mpelekeni kliniki aangaliwe.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

Nani kati ya wazee wetu anatarajia kupasuliwa mwaka huu, awe wa henia, tezi ya kibofu au jicho? Ni nani ataandika karatasi moja juu yake kabla ya siku hiyo: anavyoitwa, lugha yake, dawa zake, kama anasikia, kama anasahau, kama anakunywa pombe?

Mfuko wetu wa matibabu hulipa gari na bili. Je, unaweza pia kulipa nauli na chakula cha anayelala wadini?

Mkikumbuka wazee mliowaona wamenyamaza kitandani baada ya opresheni, ni nani kati yao leo mngemwitia sista?